Wimbi Lisilozidi Kimo Chako

Mwanangu Mapendo,

Najua ukiona barua ya karatasi utafikiri kuna mtu amekufa. Hakuna aliyekufa. Nimekasirika tu, na hasira hii simu haiwezi kuibeba, maana kila nikikupigia unaniambia uko kwenye breki ya dakika kumi, halafu nasikia mashine za ghala zikipiga kelele nyuma yako, halafu unasema "Love you, Mama," na simu inakatika. Sasa kaa chini hapo kwa baba yako mdogo, Gahanna, pembeni mwa Columbus, zima hicho kisimu na usikilize.

Wiki tatu zilizopita ulinitumia ujumbe mfupi. Ulisema bega limepona, daktari amekuruhusu, na mwezi wa kumi unataka kurudi Buffalo kuingia ziwani na ubao wako wa kupanda mawimbi. Kisha ukauliza: "Mama, ile ahadi ingali?" Sikukujibu. Nimewaosha wazee kazini nikiwaza swali hilo, nimeunguza maharage mara mbili, nimemgombeza rafiki yangu Mama Jolie katikati ya maombi bila kosa lolote. Unaniudhi, mwanangu. Mtoto wa miaka kumi na tisa anayeomba ruhusa ananiudhi kuliko yule anayetoroka, kwa sababu anayetoroka hanitwishi kazi ya kujibu.

Unakumbuka Louisville? Tulikuwa na miezi miwili tu Marekani. Nyuma ya majengo yetu kulikuwa na bwawa la kuogelea, na watoto wa kila taifa walikuwa humo wakipiga kelele. Mimi nilikufungia ndani. Ulisimama dirishani, pua umeibandika kwenye kioo, ukaniuliza kwa nini wewe tu. Nikakuambia yale niliyokuwa nikikuambia tangu kambini Kigoma: kwamba baba yako alimezwa na mawimbi ya Ziwa Tanganyika siku tuliyokimbia vita, mawimbi makubwa kama nyumba. Baadaye shule ikaleta karatasi ya masomo ya kuogelea, nami nikaandika NO kwa herufi kubwa mpaka karatasi ikatoboka. Lilikuwa neno langu la kwanza kuandika kwa Kiingereza.

Columbus nako hukunipa nafasi ya kupumua. Tulipokuwa tukiishi mtaa wa Hilliard, shule iliwapeleka mahali penye mashine ya kutengeneza mawimbi, ukarudi na nywele zimelowa, ukaniambia ni mvua. Mvua gani, na jua lilikuwa linachoma lami? Nilikuchapa kofi, kisha nikalia, kisha tukala fufu na sombe. Ulikuwa unatabasamu ndani ya sahani, ukidhani sioni.

Halafu Buffalo. Nilikuja kwa ajili ya kazi ya nyumba ya wazee, na nilijiambia kwamba ziwa la mahali penye theluji nyingi namna hii litakuwa limeganda tu, halina ubaya. Sikuuliza mtu. Ningeuliza, ningekaa Columbus. Mtaa wetu wa Lower West Side ukaniletea Donna mlango wa pili, mwalimu mstaafu wa kuogelea, nywele nyeupe pee, ambaye mwezi wa kumi na moja, upepo ukivuma hadi mapipa ya taka yanakimbia barabarani, yeye anavaa nguo ya mpira na kwenda ziwani kupanda mawimbi. Nilimwambia Mama Jolie kwamba yule mama ni mgonjwa wa akili na tumwombee. Wewe ulikwenda kumsaidia kufunga ubao juu ya gari. Ulirudi jioni na ubao wake wa zamani, midomo ya bluu, ukicheka kama mtu aliyepewa viza.

Tuligombana wiki nzima. Mwisho nikachoka, nikakuwekea sharti. Ulisimama jikoni, mkono juu ya Biblia, Mama Jolie akiwa shahidi, ukaapa: wimbi likizidi kimo chako, utaliacha lipite. Niliona nimefanya jambo la akili sana. Nililala vizuri siku hiyo.

Wewe ulijaribu kunifundisha, siwezi kukataa. Ulichukua ile sinia yangu kubwa ya bati, ukaijaza maji, ukazamisha sahani ikiwa imepinduliwa, ukaanza kuitikisa taratibu.

"Bon, Mama, angalia," ukasema. "Urefu peke yake haiuake mutu. Unaangalia kwanza chini kuko nini. Fasi maji iko mingi, wimbi inaanguka polepole, na weye unaanguka ndani ya maji. Lakini fasi maji iko kidogo juu ya jiwe, donc, wimbi inasimama mara moja, inajikunja, inakutupa kwa jiwe. Hata kama iko kadogo."

Nikatazama. Maji yalipita kimya upande mtupu wa sinia, yakafika juu ya sahani, yakainuka ghafla na kumwagika kwenye kitambaa cha meza. Ukaendelea. Ukasema ziwa letu lina tabia mbaya kuliko bahari, kwamba mawimbi yake yanafuatana karibu karibu, mtu hapati nafasi ya kuvuta pumzi kati ya moja na jingine. Ukasema ukuta wa mawe pale bandarini unarudisha maji nyuma, na yakirudi yanapishana na yanayokuja, mtu anakamatwa katikati. Ukasema baridi inachosha mikono kabla hujajua kwamba umechoka. Na ukasema kuna siku upepo unasukuma ziwa zima kuja upande wetu, kisha ukigeuka maji yanaondoka kurudi kule mbali, na miamba iliyokuwa imefunikwa vizuri inabaki karibu na juu.

Nilichokujibu nakikumbuka, na wewe unakikumbuka. "Baba yako hakuuawa na sahani," nikasema, nikaibeba ile sinia nikaimwaga kwenye sinki.

Sasa tufike siku yenyewe. Wewe hujawahi kunisimulia, ila Donna alinieleza pale hospitalini, akitetemeka ndani ya ile nguo yake ya mpira, maji yakimtiririka sakafuni. Alisema mawimbi makubwa yalikuwa nje, mbali na mwamba, mahali penye mchanga na maji mengi. Yalikuwa marefu kuliko mtu, lakini yalikuwa yakianguka kwa uvivu, na yeye na wenzake walikuwa wakitumbukia na kuibuka wakicheka. Wewe ulikuwa peke yako huku ndani, karibu na ule mwamba mpana uliolala chini kama sakafu, ukipanda vimawimbi vya kifuani. Alikuita mara tatu. Ulitikisa kichwa, ukaweka kiganja juu ya utosi wako kumwonyesha kimo. Hakuelewa. Mimi nilielewa pale pale.

Upepo uligeuka, maji yakapungua, na kiwimbi ambacho hata mbuzi asingekikimbia kikakubeba na kukubamiza juu ya jiwe. Bega likavunjika, kidevu kikashonwa. Nilipoingia chumbani ulinitazama kwa yale macho ya dawa, ukataka kunituliza. Ukasema, "Mama, sikupanda kubwa. Nilishika ahadi."

Unajua nilivyofanya? Nilikusifu. Nilikushika mkono nikasema, "Umefanya vizuri, mwanangu." Wewe umelala na uso umeshonwa kwa sababu ya kunitii, na mimi nakusifu! Tangu siku hiyo najiona mjinga, na ujinga huo unanichemsha moyo kila nikipita Niagara Street na kuyaona maji kati ya nyumba. Akaja baba yako mdogo kukuchukua ili upone karibu na shangazi zako, ukapata kazi ya ghala, na mimi nikashukuru kwamba Columbus haina ziwa. Halafu unaniletea swali lako.

Basi sikiliza jibu, na nimemwomba Mama Jolie alilete mwenyewe Jumamosi anapokuja huko Columbus kwenye harusi. Bahasha sikuifunga. Nimemwambia alisome kwa sauti, mbele ya baba yako mdogo, kwa sababu uongo nilioutoa niliutoa mbele za watu.

Mawimbi makubwa hayakumuua baba yako.

Tulipanda boti asubuhi, watu wengi kupita kiasi, sisi watu wa milimani tuliozoea ng'ombe na ukungu, hakuna hata mmoja aliyejua kuogelea. Katikati ya ziwa mawimbi yalikuja kweli, makubwa, yakatupandisha na kutushusha, tukatapika, tukaimba, tukaungama dhambi ambazo wengine hatukuzitenda. Hakuna aliyekufa. Mawimbi yale yalipita chini yetu yakaenda zake. Baba yako alikuweka mabegani muda wote, ndiyo kwanza ulikuwa umeanza kutembea, na ulikuwa ukimvuta masikio na kucheka.

Mchana tukaona mawe ya ufuko wa Kigoma. Tulikuwa tunaona hata mama mmoja anafua. Mtu akapiga kelele, "Tumefika!" Watu wote wakasimama kwa mara moja, kila mtu na mzigo wake, na boti ikageuka ubavu. Baba yako alikuwa ameruka kushuka nawe mabegani, mimi bado niko botini, na maji yalikuwa yanamfika magotini. Magotini, Mapendo. Kikaja kiwimbi kidogo, hata mimi sikukijali, kikasimama ghafla pale penye mawe, kikainua boti. Aliiona. Alikurusha kwangu akasema, "Kamata mutoto!" Nikakudaka. Boti ikashuka juu yake.

Hapo ndipo alipokufa, hatua chache kutoka kwa yule mama anayefua.

Kambini wanawake waliniuliza amekufaje, nikawaambia kama ilivyokuwa. Mmoja akasema, "Maji ya magoti? Mwanaume mzima?" Kukawa na kicheko kidogo, si kikubwa, lakini nilikisikia. Tangu hapo nikayainua mawimbi. Kwanza yalifika kiunoni, kisha kichwani, na kila nikisimulia niliyaongeza kidogo, mpaka tulipopanda ndege kuja Louisville yalikuwa nyumba. Baba yako mdogo ameisimulia habari hiyo kwenye kila kilio kwamba kaka yake alipigana na ziwa zima. Shemeji, nisamehe. Alipigana na boti moja ili mtoto asiwe chini yake, na mimi niliona hiyo haitoshi.

Kwa hiyo siku ile ulipotikisa sinia, maji yakainuka juu ya sahani, sikukasirika kwamba umekosea. Nilikasirika kwamba umepata. Ulinionyesha kifo cha baba yako juu ya kitambaa cha meza, hujui unachonionyesha, na mimi nikakimwaga kwenye sinki ili nisikuambie. Ningefungua mdomo siku ile, bega lako lingekuwa zima.

Nimechoka na hasira hii, mwanangu. Nimeukasirikia upepo, nimemkasirikia Donna ambaye kila wiki ananiletea keki kama mtu aliyeniulia ndugu, nimemkasirikia hata yule daktari aliyesema umepona haraka. Wote hawana kosa. Ningependa kukuambia usirudi majini kabisa. Neno hilo nimeliandika na kulichana mara mbili, na vipande viko hapa mezani. Lakini nikikunyima ziwa sasa, nitakuwa nimekufungia tena dirishani Louisville, na safari hii utakuwa unajua kwamba nakudanganya.

Ahadi ile nimeiondoa. Niliyekuapisha ni mimi, na ninayekufungua ni mimi, Mama Jolie shahidi. Ukirudi mwezi wa kumi, usikae tena kwenye mwamba kwa ajili yangu. Nenda nje kwenye maji mengi na Donna, na wimbi likizidi kimo chako, ukiona lina nafasi ya kuanguka na wewe una nafasi ya kuanguka, lipande. Upepo ukigeuka, toka, hata kama wenzako wanacheka. Mimi nitaogopa. Hilo sikuahidi kuliacha, na usiniombe.

Nitakuja siku hiyo. Sitakaa garini na kufumba macho kama zamani. Donna ameahidi kuniazima buti zake ndefu za mpira, nitaingia mpaka maji yanifike magotini na nitasimama hapo, watu waniangalie wanavyotaka. Utakaporudi na ubao wako, utaona ufuko karibu, utadhani umefika. Usisimame, Mapendo. Ngoja kwanza nikushike mkono.

Mimi niliyekudaka,
Mama yako