Zamu ya Mihayo Makaburini

Kalangalala,
Geita.
Jumamosi, 14 Juni 2025.

Mpendwa shemeji Sostenes,

Pokea shikamoo yangu kutoka mbali. Hamjambo huko Finland? Loveness hajambo, watoto hawajambo? Na goti lako je, limepoa? Tulisikia limekuzuia kabisa kukimbia. Namshukuru Mungu kwamba halijakuzuia kucheza muziki, maana picha za ile harusi ya rafiki yenu zilifika huku na tukaziangalia moja moja.

Sisi ni wazima kiasi. Watoto wanasoma. Mvua zilikatika mapema, lakini mahindi ya kula tumepata, na muhogo upo. Mzee wenu si mzima, na hilo ndilo lililonishikisha kalamu. Ningekupigia, ila simu ya humu ndani tunatumia wawili, mimi na mdogo wako, na haya sitaki ayaone kabla wewe hujayasoma. Martina, mdogo wake Loveness, anapanda ndege Jumatatu kuja kwenu. Barua hii nampa mkononi.

Nianze na huyo mdogo wako Mihayo. Tangu ulipomletea ile baiskeli ya matairi membamba na kumwandikisha kwenye mbio za Mwanza, zile za kuogelea, baiskeli na miguu kwa mkupuo mmoja, sina mume humu ndani, nina mpangaji. Alfajiri anawasha pikipiki anakwenda Nungwe kuogelea ziwani. Anarudi ananuka samaki, anabadilisha nguo, anakwenda kuchomelea kule kwenye makarasha ya kusagia mawe ya dhahabu. Jioni anakimbia. Jumamosi ndiyo siku ya baiskeli, kwenda Buseresere na kurudi, na akipigwa na upepo anarudi macho mekundu, hasemi na mtu. Jumapili wenzake wako kanisani, yeye anakimbia tena. Vile viazi nilivyochemsha na kuanika, matobolwa yangu ya kutufikisha kwenye mvua nyingine, anavijaza kwenye fulana yake yenye mifuko mgongoni na kuvila barabarani kama njugu.

Mwezi wa tatu alinyoa miguu. Eti maji yampite vizuri. Mwasiti, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, aliniuliza kwa upole kama tumefiwa, maana yeye anajua watu wakifiwa wananyoa kichwa, sasa hii ya miguu ni ya kabila gani.

Usinielewe vibaya, shemeji. Mwanzoni niliupenda huu mchezo. Siku moja nilimsindikiza ziwani nikamwona anatoka majini anacheka peke yake, jinsi alivyokuwa akicheka enzi zile za uchumba, na moyo wangu ulifurahi kweli. Tena ulituambia kwamba mtashindana wote wawili, wewe na yeye, ndugu wa tumbo moja. Halafu mwezi wa pili ukaleta habari za goti. Mwenzako akasema basi, nitamaliza kwa niaba yetu wote, akaongeza mazoezi. Wewe ulikaa kwenye kochi lako, huku mzigo wako ukabebwa na watu usiowaona.

Umekaa sana ugenini, sijui kama unakumbuka misiba ya kwetu inavyokwenda. Mtu akifa mtaani, kila nyumba inatoa mwanamume mwenye jembe wa kuchimba kaburi, na wanawake tunabeba maji na kuni. Mgonjwa anasamehewa. Aliye safarini kwa kazi anasamehewa. Aliyekwenda kuendesha baiskeli bila abiria na bila mzigo, hakuna anayejua amweke wapi. Na maziko mengi ni Jumamosi, watu wakisubiri ndugu wa mbali wafike.

Mihayo akaanza kutuma unga na sukari badala ya kwenda mwenyewe. Wewe ndiye uliyemshauri, nilikusikia kwa masikio yangu kwenye spika ya simu ukisema, "Tuma mchango, wataelewa." Hawakuelewa. Unga ulirudishwa mlangoni kwangu ukiwa haujafunguliwa, na mwenyewe akaitwa kwenye kikao cha mtaa.

Alikwenda na simu akawaonyesha picha za wazungu waliovaa kofia za mpira majini. Bashiri, mwenyekiti wa kikundi chetu cha kuzikana, akaangalia zote kwa heshima, kisha akamuuliza, "Sasa ukifika wa kwanza unapewa nini?" Mihayo akajibu kwamba hana mpango wa kuwa wa kwanza, anataka amalize tu. Watu walicheka mpaka wakafuta machozi. Walipomaliza kucheka wakakata shauri nyumba yetu itengwe. Hakuna kusalimiwa, hakuna kuazimwa hata chumvi, na tukifiwa tujizikie wenyewe.

Sijui kama umewahi kutengwa, shemeji. Mwasiti huyohuyo, niliyemshika mkono akijifungua, akawa ananipita bombani kama vile mimi ni ndoo. Watoto wangu walikuwa wakirudi kucheza wanaulizwa na wenzao tumefanya kosa gani. Mihayo yeye hakuliona lolote, maana alfajiri barabarani hakuna wa kukunyima salamu.

Kisha baada ya Pasaka mambo yakalegea. Bashiri akaanza kuitikia salamu. Mwasiti akaniazima ungo. Mihayo alifurahi sana, akaniambia mezani, "Unaona, Mama Mageni? Watu wakielimishwa, wanaelewa." Alidhani ni zile picha zake.

Mimi nilikuwa nimeshaanza kuona udongo kwenye miguu ya suruali ya mzee. Kila Jumamosi, baiskeli ikishatoka, naye anatoka. Nikimuuliza anasema amekwenda kutazama muhogo. Ule muhogo uko kwenye udongo wa kichanga, na udongo wa suruali ulikuwa mwekundu. Mwasiti ndiye aliyenifungua macho, akanisifia bombani bila ubaya wowote, "Jamani, mkweo yule anachimba kama kijana."

Baba yako, Sostenes. Na umri ule, na mgongo ule ambao wewe ulikuwa ukimtumia dawa za kuuchua. Alikuwa anakwenda kwenye kila kaburi la mtaa huu na jembe begani, anachimba zamu ya mwanawe.

Nilimngojea mlangoni. Unajua mimi ni mkwewe, siwezi kumpandishia sauti wala kumnyang'anya kitu mkononi, hata kumtazama usoni naona haya. Nikapiga magoti nikamsihi aache. Akaniambia, "Ng'wanawane, mwanangu, wale wanataka mtu wa nyumba hii. Kwani mimi si mtu wa nyumba hii?" Kisha akaniapisha nisimwambie Mihayo. Alisema mtoto akijua ataacha mazoezi, na yeye anataka amwone akimaliza. Nikaapa. Ningefanya nini?

Maana usidhani mzee anauchukia mchezo huu. Ndiye anayeupenda kuliko wote. Akija mgeni, hata muuza dagaa, anaambiwa kwamba kuna mtu humu ndani anavuka ziwa kwa mikono yake. Mihayo akirudi amechoka, mzee anasogeza kigoda amsikilize: ameogelea wapi, upepo ulikuwaje, mlima gani ulimshinda. Ndipo ninapokasirika mpaka nashindwa kula, kwa sababu mwenye mazoezi anaulizwa hali kila jioni, na mwenye jembe haulizwi na mtu.

Mwezi uliopita waliletwa vijana wawili kutoka Mwakitolyo, walioangukiwa na udongo ndani ya shimo la dhahabu. Mmoja ni wa mtaa wetu. Pale walipochagua kumlaza pana mawe. Mzee alipiga jembe, akapiga, akapiga magoti, akashindwa kuinuka. Walimleta nyumbani kwenye bodaboda, kijana mmoja nyuma akimkumbatia asidondoke, midomo imekuwa ya kijivu. Zahanati wamesema moyo umechoka, asinyanyue kitu chochote, hata ndoo ya kuogea.

Mihayo aliambiwa kwamba baba ameanguka kwenye muhogo. Nitamsema vibaya, lakini sitamsingizia: siku zile alilala chini kando ya kitanda cha babaye, alimnawisha miguu, alimlisha uji kwa mkono wake. Aliuosha ule udongo mwekundu kucha kwa kucha, hakujiuliza umetoka wapi. Mzee alipopata nafuu kidogo akamwambia, "Sasa nenda, mbio zimekaribia." Akaenda. Mwenzako anapoambiwa nenda, haulizi mara mbili.

Wiki iliyopita Bashiri alikuja kumjulia hali. Alipotoka akanivuta pembeni ya jiko, akakaa kwenye gogo, akasema kwa upole tu, wala hakuwa na hasira. "Mzee wetu amefanya kazi ya nyumba hii mpaka imemwangusha. Siku yake ikifika tutamzika sisi, kwa heshima zote, msiwe na wasiwasi. Ila siku hiyo wanawe hawatagusa jembe. Si huyu wa baiskeli, wala yule wa Ulaya."

Nilimuuliza kama hilo limeshapita kwenye kikao. Akasema limepita, na lililobaki ni Mihayo aje mwenyewe na jembe, ashike zamu yake machoni pa watu, ndipo walifute. Akaondoka.

Sasa sikiliza, shemeji, maana ndiyo sababu ya barua yote hii. Mama yake Mwasiti yuko hoi. Siku ya nne leo hapokei hata maji ya kijiko. Mbio za Mwanza ni mwisho wa mwezi, na mimi namjua mzee wetu: yule bibi akifa, atainuka kitandani. Jana nimemkuta anajaribu kufunga kamba za viatu huku anahema, na nilipomuuliza anakwenda wapi akasema anapima tu kama bado vinamtosha. Akienda kwenye lile kaburi, harudi kwa miguu yake.

Kiapo nilichokula ni cha kutomwambia Mihayo. Wewe hukutajwa. Nimekaa nacho kiapo hiki mpaka kimenichosha, na leo naona kina tundu la kupitia, nami nimepita. Mwambie wewe. Mume wangu akinisikia mimi husikia kelele za mwanamke, lakini wewe ukiongea anazima hata redio. Barua ikikufikia tu, usisubiri ule, usisubiri upumzike, piga simu umweleze yote kama nilivyoandika: udongo, jembe, mawe, kila kitu. Sijali akinikasirikia. Kama ataacha mbio au ataenda, hayo ni yake. Akitaka akaogelee mpaka Bukoba. Ninachotaka mimi ni kwamba siku ile yule bibi akifa, mwenye jembe atakayetoka mlango huu awe kijana mwenye mapafu ya kuvuka ziwa, na siyo mgonjwa wa moyo.

Na kama moyoni mwako unaona afadhali amalize mbio kwanza, kwa kuwa ni wewe uliyemwandikisha na ungependa picha, basi nyamaza, wala usinijibu. Lakini ujue utakuja kupanda ndege kwa gharama zote hizo kuja kusimama upande wa wageni kwenye mazishi ya baba yako, mikono mifukoni, ukiwaangalia watu wa mtaani wakimfukia.

Nimemaliza hasira zangu. Msalimie sana Loveness, mwambie kitenge alichotuma kimenipendeza. Wabusu watoto. Mageni na wadogo zake wanakusalimu, wanauliza theluji ina ladha gani. Mungu awape nguvu na awarudishe nyumbani mkiwa wazima.

Mzee pia anakusalimu. Nimeandika hii nimekaa mlangoni kwake, akaniuliza namwandikia nani, nikamwambia ni wewe. Kisha akasema nikuulize kama huko unakoishi kuna majirani wa kukuchimbia, maana yeye kwa hali aliyonayo hataweza kuja.

Ni mimi shemeji yako, ninayekupenda hata nikikugombeza,

Paskazia (Mama Mageni)