Mwandikie Bakari Apimwe

Hospitali ya Wilaya,
Lushoto.
16 Juni 1974

Wifi Mwanaidi mpendwa,

Shikamoo. Mnaendeleaje huko Mwanza na baba watoto? Homa ya Saidi imeacha kurudirudi? Huku ni baridi tupu, ukungu hauondoki mpaka saa nne. Mwili wangu ni mzima, ila moyo unaumwa.

Katika barua yako umenitania, eti nakunyima kuitwa shangazi. Nilicheka, kisha nikalia juu ya kabichi niliyokuwa nakata.

Unajua tulivyoanza. Chuoni msichana akipata mimba alirudishwa kwao, kwa hiyo mimi na mdogo wako tulikubaliana nimeze vidonge mpaka nimalize masomo. Niliviacha baada ya mtihani wa mwisho. Sasa tuko mafunzoni hapa hospitalini, na mimba haijaingia. Mama yenu anasema vidonge vimeniunguza kizazi. Kama daktari najua si kweli, lakini kuna siku namwamini yeye kuliko vitabu vyangu.

Mimi nimepimwa kila kinachopimika. Mirija iko wazi, hedhi haikosei. Amebaki mdogo wako Bakari. Nimemsihi atoe mbegu zipimwe, anasema watu wa maabara ni wenzake, atawatazamaje usoni. Nikamwambia nitaziangalia mwenyewe kwa hadubini, mlango nikiwa nimeufunga. Aliacha ugali mezani akaenda wodini, na wala haikuwa zamu yake.

Jumatano tulikwenda kijiji kimoja cha ujamaa kufundisha kupanga uzazi. Ungemsikia, wifi. Aliwaambia wanaume waziwazi kwamba mke asiposhika mimba, mume naye apimwe. Mzee mmoja akamuuliza, "Na wewe daktari una watoto wangapi?" Akajibu, "Bado tunasoma, mzee." Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nimeshika mzani wa kupimia watoto, sikujua nitazame wapi.

Sasa Mama ameshapeleka posa Mlola, kwa binti aitwaye Asha aliyemaliza darasa la saba mwaka jana. Ndoa wanataka iwe kabla ya Ramadhani. Bakari hakukubali wala hakukataa, ameinamisha kichwa tu. Nimechoka, wifi. Nazalisha wake za watu, nafunga vitovu, narudi kwenye nyumba iliyo kimya. Sina mwingine wa kumlilia.

Wewe ndiye uliyembeba Bakari mgongoni Mama alipokuwa shambani, naye neno lako halipingi. Nakuomba umwandikie apimwe kwanza, kabla hajaoa. Ikiwa kasoro ni yangu, Asha nitampokea mwenyewe mlangoni.

Tena nimeshamwona. Alikuja kutibiwa kikohozi, hakunijua. Aliniamkia kwa adabu, akaniambia kwa furaha kwamba anaolewa na daktari. Nikampa dawa, nikamwambia ajifunike vizuri. Wifi, mwaka ukipita bila mtoto watamwita tasa na yeye, naye hana kitabu hata kimoja cha kumwambia si kweli.

Nisalimie baba watoto, Saidi na Tatu. Mama hajambo, anawasalimu. Mwenyezi Mungu awahifadhi nyote, na barua yako aifikishe kabla ya mahari.

Ni mimi wifi yako, nikupendaye na kukutegemea,

Salma