Ukuta Nyuma ya Kiti cha Babu

Mtaa wa 31, Barquisimeto
12 Desemba 2019

Mpendwa dada Maigualida,

Anayekuandikia ndiye fundi rangi bora tangu dunia iumbwe; malaika wakitaka kupaka mbingu upya, watabisha hodi kwangu. Hujambo lakini? Kile kikohozi cha huko Chile kimekuachia? Mimi mzima, nanenepa kwa sifa.

Sebule tayari. Babu alisema Desemba haiingii nyumba chafu, basi nimepaka peke yangu, bila hata wa kunishikia ngazi. Zamani yeye alikaa kitini akinitukana: “Umeruka pale, kipofu wewe!” Mwaka huu nimesikia brashi tu.

Agizo lako sikulisahau. Hukuwahi mazishi ya Babu, ukasema nipake kote ila niache ile alama ya kichwa chake ukutani, nyuma ya kiti, uje Krismasi uiguse. Mafuta yake ya nywele, miaka yote ile! Rangi nyeupe mno ingeifanya uchafu, iliyokolea mno ingeimeza. Dukani kwa mama Nereida nikakuta tatu: Mfupa, Mchanga na Lozi. Dada, zote ni kahawa moja, zimezidiana maziwa tu! Nilikwenda nikarudi mpaka akanicheka.

“Kijana, unapaka ukuta au unachagua mchumba?”

“Wachumba wananipangia foleni, mama.”

“Foleni ya kukukimbia! Chukua Mfupa, uniondokee.”

“Mfupa sitaki. Babu yangu ndiyo kwanza kazikwa.”

Akanimiminia Lozi kidogo ya kujaribia, bure.

Lozi na alama vikakaa kama ndugu. Mkono wa kwanza wa rangi niliizungushia kwa brashi ndogo, sikutikisika. Mzee Evencio wa jirani akachungulia, akauliza mbona nimeacha doa. Nikamwambia hilo si doa, ndiye mwenye nyumba.

Hallaca za Krismasi nakusubiri tuzifunge pamoja, unga na nyama ndani ya majani ya mgomba. Nikiwa peke yangu majani yananishinda.

Msalimie shemeji Wilmer, na Yorgelis mwambie mjomba wake ni mashuhuri. Mungu akufunike popote ulalapo.

Ila dada, kabla sijatia sahihi. Mkono wa pili nilitumia rola, redio inaimba, nami nampigia Babu soga kama zamani. Nilipogeuka kumwuliza kama nimeruka mahali, kiti kitupu. Nikautazama ukuta mwenyewe. Safari hii sikuruka popote, hata pale pa kichwa chake.

Wako akupendaye,
Yorvis