Namba Iliyozama Ndani ya Bukta

Mpendwa Mshauri,

Nadai, na niko tayari kulitetea dai hili mbele ya yeyote, kwamba shabiki ana haki kamili ya kukasirishwa na jambo dogo katika jezi ya timu yake, na kwamba anayemwambia "hiyo ni nguo tu" hajui nguo ni nini wala timu ni nini. Naanza na dai ili ulione likiwa limesimama kabla sijakueleza jinsi lilivyoniweka pabaya, maana msaada ninaouomba kwako unamhusu dada yangu.

Dada yangu ni fundi cherehani. Ndiye aliyenilea tangu nikiwa na miaka tisa, na karakana yake ni chumba cha mbele cha nyumba tunamoishi: cherehani mbili, meza ya kukatia, pasi, kioo kirefu na kiti kimoja cha wateja, ambacho kwa sasa ni changu, kwa kuwa mimi ni mhitimu wa shahada ya falsafa, daraja la kwanza, ninayesubiri majibu ya maombi ya kazi, na kusubiri kwangu ni kusoma. Msimu huu kamati ya klabu ya mtaani kwetu ilimkabidhi ashone jezi za timu, ishirini na mbili, kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupata, na ikamwahidi kwamba zikipendeza atashona pia za mashabiki, ambazo ni mamia, na dada akaanza kuzungumza habari za kuajiri fundi wa pili, jambo ambalo sikuwahi kulisikia kinywani mwake.

Siku ya mechi ya kwanza nilikuwa jukwaani. Mwamuzi, mtu wa kushika sheria, aliamuru kila mchezaji achomekee, na walipochomekea, namba za mgongoni zikazama: nusu ya juu ikabaki nje, nusu ya chini ikaingia ndani ya bukta, nane na tisa zikawa kitu kimoja, mbili na tatu zikawa mapacha, na tulipopata bao, mtangazaji wa kipaza sauti akampongeza mtu aliyekuwa ameketi benchi. Mzee aliyekaa mbele yangu aligeuka.

"Kijana, nani kafunga?"

"Nane, mzee."

"Si tisa?"

"Tisa yuko benchi, anakunywa maji."

"Basi fundi wa jezi hizi alishona kafumba macho."

Watu walicheka, Mshauri, nami nikacheka nao, huku nikijua vyema fundi ni nani.

Niliporudi nyumbani niliandika uchambuzi wenye hoja kumi na nne. Nilianza na namba, nikaja kwenye mistari ya kijani isiyokutana kwenye mshono wa ubavuni, nikaja kwenye nembo iliyosogea kuelekea kwapani hata mchezaji akishusha mkono haionekani, nikaja kwenye soksi ambazo kijani chake hakina undugu na kijani cha jezi, nikaja kwenye kola yenye kifungo, ambayo nilithibitisha kwa hoja tatu kwamba haina kazi uwanjani. Nilijiambia kwamba mhakiki wa kweli hana ndugu. Nikaweka jina la "Jicho la Jukwaani", nikamaliza kwa sharti kwamba fundi ajibu hadharani, la sivyo kamati itafute fundi mwingine, kisha nikautuma kwenye kundi la mashabiki la simu. Kufikia kesho yake mchana ulikuwa umechapwa na kubandikwa kwenye mlango wa klabu, watu wakisomeana kwa sauti, na sitakuficha kwamba nilipita pale mara tatu kuwasikiliza.

Sasa kamati imemwita dada Alhamisi ijayo. Baadhi ya wajumbe wanataka jezi za mashabiki ziagizwe kiwandani.

Dada aliletewa uchambuzi kwenye karatasi, akausoma akiwa amesimama kwenye meza ya kukatia, pini mdomoni, akausoma wote, akazitoa pini moja moja.

"Huyu bwana anajua kuandika," alisema.

"Ametia chumvi," nilisema.

"Kwingine, ndiyo. Hizo soksi alinunua katibu, mimi sikuulizwa. Lakini kwenye namba amesema kweli. Hebu njoo hapa."

Alinivika jezi iliyobaki ya akiba, akanichomekea kama mtoto, akanigeuza mgongo uelekee kioo. Namba ilizama.

"Sasa inama, kama siku ile."

"Siku gani?"

"Siku niliyokupima. Nilikosa mchezaji wa kupimia, nikakusimamisha wewe. Nilikwambia nyooka, ukasema namalizia ukurasa. Ule ukurasa, mdogo wangu, uliumaliza jezi zote zimeshakatwa."

Niliinama, jezi ikapanda mgongoni, na namba ikakaa pale pale inapotakiwa kukaa. Jezi ishirini na mbili zimeshonwa kwa ajili ya watu wenye mgongo wa msomaji.

Nilitaka kusema neno, dada akanitangulia. "Kosa ni langu. Mwenye futi ya kupimia ni mimi, ningekupokonya kile kitabu. Nitawaambia hivyo kamati, na wewe sikutaji." Kisha akanipa ile karatasi. "Ila wewe ndiye msomi wa nyumba hii. Nisaidie kumjibu huyu Jicho. Jibu la adabu, lenye nguvu, nilisome Alhamisi. Mimi kwa maneno atanimaliza."

Tangu hapo nimekaa siku tatu nikijaribu kujijibu mwenyewe, na hali yangu ni ya kuchekesha kwa yeyote asiyekuwa mimi, kwa sababu kila utetezi ninaouandika naona mara moja pa kuuvunjia, na kila nikiuvunja nasikia cherehani ikiendelea upande wa pili wa chumba, na dada ananiletea chai na kuuliza, "Umefika wapi?", nami nasema nimefika mbali. Nikikiri kuwa ndimi Jicho, watu watasema ulikuwa ugomvi wa nyumbani na hoja zangu zote kumi na nne zitatupwa pamoja nami, ilhali angalau tisa ni za kweli. Nikinyamaza, dada atasimama mbele ya watu wazima saba akibeba kosa la mgongo wangu na maneno ya kalamu yangu. Je, ukweli hubatilika kwa kuwa msemaji wake ndiye aliyeusababisha? Na je, nina wajibu wa kulifuta andiko ambalo bado naamini ni sahihi?

Usinijibu kwa faragha. Nataka jibu lichapwe katika safu hii, kwa hoja, kabla ya Alhamisi, mbele ya wasomaji wote.

Wako,
Jicho la Jukwaani

*

Kijana wangu,

Hongera kwa daraja la kwanza. Sasa tuzungumze.

Dai lako nakupa bila ubishi. Mimi pia ni mtu wa jukwaani, na nisipojua nani kafunga silali vizuri. Namba iliyozama ni kero, na hukukosea kuisema. Ukweli haubatiliki, kwa hiyo swali lako la falsafa limekwisha, na usilirudie, kwa sababu naona umejificha nyuma yake.

Jezi zile bila shaka zilitundikwa chumbani mwenu kwa siku kadhaa kabla ya mechi. Wewe ulikuwa kwenye kiti, hatua tano kutoka kwenye cherehani. Katika hoja kumi na nne, ni ngapi ulimwambia dada yako kwa mdomo wako? Barua yako haitaji hata moja. Ulisubiri hadi kuwe na watazamaji. Halafu unamdai mwanamke ajibu hadharani, nawe hata kwangu umeandika ukiwa umejifunika shuka la jina la bandia. Hapo umenikera kuliko kola yenye kifungo.

Nakuhurumia kwa jambo moja. Kuletewa chai na mtu uliyemchoma, akidhani unamtetea, ni adhabu ambayo hata mimi nisingekupangia. Ndiyo maana nasema uikatishe leo.

Acha kuandika jibu hilo, kwa kuwa halitaandikika. Mwambie dada yako kwamba Jicho ni wewe. Sema kwa sentensi fupi, na usiingize "kwa upande mwingine" hata mara moja. Akikasirika, kaa hapo hapo. Akinyamaza, nyamaza naye, ila chukua mkasi mdogo uanze kufumua namba ya ile jezi ya akiba, na nyingine mziombe klabuni. Namba zilizoshonwa kwa uzi hufumuka, na jezi ishirini na mbili si mlima kwa watu wawili kabla ya Alhamisi, mradi mmoja wao asiwe na kitabu. Mwiteni mchezaji namba tisa mwenyewe aje apimwe, achomekee, akimbie mpaka mwisho wa mtaa na kurudi, ndipo namba zipandishwe.

Alhamisi nenda naye. Omba kusema kabla yake, taja jina lako kamili, useme mgongo uliopimiwa ulikuwa wako na andiko lilikuwa lako. Sahihisheni jezi zote, ila moja iacheni kama ilivyo, wajumbe wazione mbili kwa pamoja, ya zamani na ya sasa, zikiwa zimechomekewa. Usihutubu. Wajumbe saba wenye macho watajionea. Baadaye andika kwenye kundi lile lile ulikotuma mara ya kwanza, uongeze hayo hayo chini ya uchambuzi wako. Usiufute. Hoja za kweli zitabaki kuwa za kweli hata zikiwa na jina lako, na zisizo za kweli utaombwa uzitetee, kazi ambayo naamini unaipenda.

Hoja zilizobaki mpe dada yako mkononi, azipime mwenyewe. Umeniambia jambo kubwa kumhusu pasipo kulitilia maanani: alisoma kurasa za kumdhalilisha, na neno lake lilikuwa kwamba kwenye namba umesema kweli. Kisha akapata chanzo cha kosa papo hapo, kwa kukuvika jezi na kukuinamisha. Fundi wa namna hiyo kamati haitampata kiwandani. Wakilisikia hilo kutoka kwako, nadhani atashona hizo za mashabiki, na huyo fundi wa pili ataajiriwa. Mwombe tu asiwe wewe.

Mwisho, uliniamuru nikujibu hadharani, nami nimetii, ila nina shaka kama ulifikiria maana yake. Leo ni Jumanne. Gazeti hili liko mezani kwa wauza duka, kwa vinyozi na kwa wateja wanaosubiri suruali zao kwa dada yako. Sikutaja mtaa wala jina, lakini fundi aliyeshona jezi ishirini na mbili kwa kipimo cha mdogo wake hawezi kuwa na pacha. Kuna mtu atamsomea kabla ya saa sita mchana. Ikiwa unasikia cherehani bado inakwenda, basi bado hajasomewa. Inuka, mwombe aisimamishe kidogo, umwambie wewe.