Kamera Imepanda, Mimi Je?

3 Mei

Mdogo wangu Chiriku,

Salamu kwanza, mengine yafuate. Bega linalokuuma kwa kusukuma kiti limepoa? Mimi mzima kwa rehema za Mungu, magoti tu ndiyo yananung'unika.

Sasa sikia. Kamera ya marehemu baba uliyotuazima imefika hapa makumbusho, pamoja na picha zake zote. Imewekwa chumba cha juu, kile ninachokifagia na kukilinda mimi, inang'aa kama bibi harusi. Ufunguzi ni tarehe ishirini, na mkurugenzi anataka watoto wote wawili wa mpiga picha tuwe mbele ya wageni.

Najua utauliza ngazi. Ondoa shaka. Walinzi wanne watakubeba na kiti chako juu kwa juu. Ndio utaratibu wa hapa kwa kila mgeni wa kiti cha magurudumu, na watu hupiga makofi. Nimeshakukubalia na kumshukuru. Mungu akupe nini tena?

Dada yako


8 Mei

Dada,

Shikamoo. Bega limepoa, moyo ndio umeanza kuuma.

Umenikubalia? Nani kakwambia mimi ni godoro? Harusi ya binamu yetu umeisahau? Waliponibeba, mmoja alinishika kwapani, mwingine akakosea pa kushika na hakuomba radhi, gauni nililolishona kwa mikono yangu likapanda hadi mapajani, na watu wakapiga makofi. Hata wewe ulipiga. Nilicheka ili nisilie. Tangu siku ile, dada, sibebwi.

Halafu niambie, kamera ile ni nzito kuliko mimi. Yenyewe ilipandaje?

Kama mimi sina njia, mwambie mkurugenzi arudishe vitu vya baba. Aliviacha mikononi mwangu. Na baba hakumpiga mtu picha amesimama hata siku moja, tajiri wala maskini. Wote aliwakalisha kwenye kiti kile kile. Leo mimi niliyekaa ndiye nisizione picha zake?

Mdogo wako


13 Mei

Mdogo wangu,

Natumaini hujambo. Barua yako nimeisomea chooni kazini, maana machozi hayana adabu. Kwamba makofi yale yalikuuma, sikujua. Nisamehe.

Kamera ilipanda kwa lifti ya mizigo, ile ya nyuma penye mapipa ya taka. Nimemwuliza mkurugenzi kwa nini nawe usipande humo. Akasema ni ya vitu, si ya watu. Ikikwama na mtu ndani, jela ni yake. Nikamwambia basi mdogo wangu anataka vitu vya baba virudishwe. Akavua miwani. "Mama, wageni wameshaalikwa. Mdogo wako akiivuruga shughuli hii, mkataba wako ukiisha sioni nitakavyokutetea." Na kwa upole, Chiriku, kama anayeniombea dua.

Seremala wa hapa alijaribu kutulazia mbao juu ya ngazi. Nikakalia kiti cha magurudumu cha chumba cha huduma ya kwanza nizijaribu mwenyewe. Mungu wangu! Nilirudi kinyumenyume hadi meza ya tiketi, viatu juu, mlinzi akanidaka kama mpira. Mbao zimeondolewa.

Haki ni yako, naijua. Lakini wanao wawili ninawalipia ada mimi, na kazi ndiyo hii. Kubali kubebwa mara hii moja, kwa ajili yangu. Gauni nitakushikia mwenyewe. Nasali unijibu.

Dada yako


18 Mei

Chiriku,

U mzima? Kimya chako kinanitisha kuliko maneno yako. Kesho kutwa ndiyo siku. Unakuja?

Dada


21 Mei

Dada,

Shikamoo. Sikujibu kwa sababu sikuwa na jibu lisilokuumiza. Nikaona nije tu.

Jana ulikuta mwisho tu; wakati wa mwanzo wewe ulikuwa juu unapanga viti. Nilipofika mlangoni walinzi walinizunguka wakicheka, watu wema tu. "Karibu shangazi, leo unapaa!" Nikasema, "Asanteni wanangu, msiniguse." Wakadhani naona haya. Mmoja akashika gurudumu. Nilipiga ukelele, wageni wakageuka na juisi zao mikononi. Mkurugenzi akashuka na tabasamu lake, akaninong'oneza, "Mama, tunachelewa." Nikamjibu, "Kilichopanda kwa lifti kinaweza kushuka kwa lifti. Nangoja hapa."

Ndipo alipokuita. "Wewe ni ndugu yake. Shika miguu, twende."

Nilikuona unashuka, na usoni pako niliwaona wanangu wote wawili. Ulipoinama nilifumba macho. Nikasema moyoni, akinishika yeye nitanyamaza, sitamwaibisha. Nikasikia ka! upande huu, kisha ka! upande wa pili. Umefunga breki za kiti changu. Ukakaa ngazi ya kwanza, ukanishika mkono.

Halafu yule bibi wa mkongojo, mmoja wa wageni, akaja kukaa nasi, akasema naye hupanda ngazi zile kwa aibu tu. Na wale wawili waliomfuata, na wengine nyuma yao. Mkurugenzi alihutubia viti vitupu huko juu, sivyo?

Teksi yangu ilipokuja niliondoka bila kujua kilichofuata. Wamekufanyaje? Usinifiche.

Mdogo wako


27 Mei

Mdogo wangu,

Mimi mzima, usingizi ndio mgonjwa. Niliitwa Jumatatu, nikaenda nasali njia nzima. Mkurugenzi alisema nimemwaibisha mbele ya wafadhili. Mkataba wangu atauangalia wakati wake ukifika. Maana yake siijui, na sikufichi. Nimemwachia Mungu.

Lakini leo asubuhi kamera imeshuka kwa lifti ya mizigo, na picha zote. Wanazipanga ukumbi wa chini. Hakuna aliyeniambia imekuwaje. Nasikia yule bibi wa mkongojo alirudi siku ya pili, na hakurudi peke yake.

Seremala alikuwa anazitundika picha juu vilevile, kwa macho ya mtu aliyesimama. Akasita, nyundo mkononi, akaniuliza, "Mama, mdogo wako nimtundikie wapi? Na pale mlangoni, anapenda tumsaidieje?"

Jibu lilinifika hadi kwenye meno. Nikalimeza. Nikamwambia, "Mimi si mdomo wake. Muulizeni mwenyewe."

Nimewaelekeza kwako. Watakuja wiki ijayo, yeye na mkuu wa walinzi. Wajibu utakavyo.

Dada yako