Tangu Kasuku Arudi Kutoka Kwako

Nyumba ya nyuma ya duka la vipuri,
Jumapili, 9 Novemba

Mpendwa mdogo wangu,

Natumaini barua hii itakukuta umeamka vizuri na ule mgongo umeacha kukusumbua. Sisi huku ni wazima. Mama sasa anatembea mwenyewe mpaka barabarani na anamsema kila anayepita, kwa hiyo usiwe na wasiwasi naye.

Asante kwa kukaa na binti yangu likizo nzima. Kasuku wetu alirudi amenenepa, na mdomo haujapumzika tangu aliposhuka kwenye basi. Sinema, bwawa la kuogelea, vigari vya umeme, na aiskrimu juu yake. Kumbe kwenu starehe ina fungu lake kila mwezi, kama kodi ya nyumba. Hapa kwetu fungu hilo likijitokeza linaishia kwenye mafuta ya kupikia. Sikufichi, nimekuonea wivu mpaka chakula hakipiti.

Burudani ya nyumba hii unaijua, ni shemeji yako. Akifunga kibanda chake cha kushona viatu, anakuja kutuigizia wateja wa siku hiyo: anayeapa kiatu chake kimebadilishwa, anayesubiri peku huku akijifanya hana haraka. Kasuku alikuwa akicheka mbavu hana. Sasa anamtazama baba yake kwa adabu, kama mgeni. Wiki iliyopita akamuuliza, "Baba, hii inaisha saa ngapi?"

Mwenzangu akatabasamu, akaenda kunawa. Tangu siku hiyo hajamwigiza mtu. Anarudi, anakula, analala. Na mimi je? Nilikuwa nacheka pale kuliko wote, na hakuna aliyeniuliza kama na mimi nimeyachoka maigizo hayo.

Najua hukumfanyia mtoto ubaya. Ulimpa ulichonacho, na ningekuwa nacho ningempa hivyo hivyo. Hicho ndicho kinachoniuma. Ungekuwa na roho mbaya ningekusema weee, kisha nikalala usingizi wangu.

Kila asubuhi anauliza atarudi lini kwa mama mdogo. Jana nimemwambia likizo ijayo hutakuwepo, una safari ndefu. Tafadhali, mdogo wangu, safiri.

Nisalimie mumeo na mwanenu Bonge. Mama anakusalimu, anasema upunguze kubeba ndoo. Mungu akutangulie huko utakakokwenda.

Dada yako akupendaye, wivu na yote,
Mama Kasuku