Kulala Maiti Karungu

Jumatatu, 7 Agosti 1995
Mazoezi tena, ukumbi wa kanisa, Homa Bay. Sauti imekauka. Okeyo, kiongozi wa kundi letu, amenigombeza mbele ya wote. Eti kila nikipewa kitu jukwaani nasema "lakini". Mwenzako akikupa mtoto, mpokee. Akikupa kofi, lipokee. Hotuba hiyo imenichosha. Nilitaka kuwa shangazi, ana maneno mengi na anachekesha. Shangazi kapewa Adhiambo. Mimi nimepewa maiti.

Jumanne, 8 Agosti
Mchezo wenyewe: binti anaugua, kwao wanamficha kwa aibu, anakufa. Mimi ni kulala tu kwenye mkeka nikiliwa na nzi. Mwishoni ninaketi na kuwaambia watu jinsi nilivyofichwa. Maneno machache sana. Okeyo amesema nikikataa na hii, nisahau kundi. Na bila kundi mimi ni nani hapa mjini? Msichana wa kuchota maji.

Jumatano, 9 Agosti
Mama amejua kwamba nitalala maiti. Adhiambo ana mdomo. Mama hakupiga kelele, na hapo ndipo nilipoogopa. Amesema tu: "Aliye hai haliliwi kama maiti. Ukililiwa huko, usirudi kulala kwangu." Yeye ni Msabato wa kweli, lakini leo kanisa halikutajwa hata kidogo, ni mwiko wa wazee tu. Nina hasira naye. Naogopa pia kwamba amesema kweli.

Ijumaa, 11 Agosti
Karungu, tutakapocheza kesho sokoni. Nimekuja. Sijui ni ujasiri au ukaidi. Wenzangu wanakula samaki, mimi narudia maneno yangu.

Jumamosi, 12 Agosti
Niandike yote.

Wenzangu walipiga nduru kabla Okeyo hajatangaza kwamba ni mchezo. Kosa la kijinga. Kwetu kilio cha msiba kikisikika watu hawaulizi, wanakimbia kuja. Soko lote lilikuja. Omena, dagaa wetu wa ziwani, ziliachwa juani. Nimefumba macho, nasikia miguu tu. Mama mmoja mzee akaanguka kando yangu, analia kweli, ananipapasa uso. Akanifunika leso yake. Akaniita Awuor. Mimi ni Akinyi.

Kisha watu wakagundua. "Mnatuchezea matanga?" Nikasikia mawe yakiokotwa. Okeyo akaninong'oneza: "Amka, tutoroke." Huyo ndiye mwalimu wangu wa kupokea kila kitu! Mimi pia miguu ilikuwa tayari. Lakini mkono wa yule mama ulikuwa bado shavuni mwangu. Nikaona basi, hiki ndicho nilichopewa leo. Nikaushika. Nikafumbua macho.

Alishtuka, akanitazama sana. Nilidhani atanipiga.

"Kumbe uko hai," akasema. "Awuor wangu hakuamka." Akawageukia wanaume. "Ling'uru! Nyamazeni. Wekeni hayo mawe chini, nataka kusikia huyu atasema nini. Sema, nyathina."

Mtoto wangu, ameniita. Nikaketi, nikasema maneno yangu. Watu niliwasahau, nilimwambia yeye. Nilipofika pale pa kufichwa chumba cha nyuma, akajibu kwa sauti, soko zima likisikia: "Hata sisi tulimficha. Hata sisi." Mwanamke mwingine akaanza kulia. Wanaume walisimama tu, mawe mkononi, mpaka mmoja akaenda zake. Hakuna aliyerusha.

Leso alikataa kuichukua.

Jumapili, 13 Agosti
Nyumbani. Sikuingia. Nilisimama mlangoni na mfuko wangu. Mama aliiona leso begani, akauliza ni ya nani. Nikamweleza yote, hata mawe. Nilingoja anifukuze. Akaichukua, akaifua, akaianika. Halafu akauliza mtoto wa yule mama aliitwa nani. Nikamwambia. Akalitaja jina mara moja, taratibu: "Awuor. Basi aliyeliliwa ni yeye." Akarudi jikoni.

Nimekuta amenitandikia kitanda.